Ng'ombe Aliyekwenda Universite

Vijana wangu, mkinipa mkono mtasikia harufu ya maziwa yaliyolala. Nimeacha kutengeneza jibini siku nyingi, nimejaribu kila sabuni inayouzwa hapa mtaani Mabanga, lakini harufu imekataa kuhama. Mke wangu anasema hiyo ndiyo pensheni yangu. Nyingine sikupewa.

Jina langu ni Bahati. Nilitengeneza jibini katika milima ya Masisi, ile ya mviringo mnayoikata hapa Goma na kuila na mkate bila kujiuliza nani aliigeuza kila asubuhi. Wengi wenu mnapita hapa nyumbani na swali lile lile. Mmemaliza sekondari, mmemwagiwa pudre, ile poda nyeupe, kichwani siku ya matokeo, mtaa mzima umeimba, halafu pudre ikishaoshwa mnaanza kukuna kichwa: universite inastahili deni? Na mnamuuliza mtu aliyeacha shule akiwa bado anahesabu kwa vidole. Kwa kawaida nawatania kidogo na kuwarudisha kwa wazazi wenu.

Lakini aliyekuja juzi juzi sikuweza kumtania. Ni Neema, mjukuu wa Muzee Bauma, mtu aliyenifundisha kazi. Neema amepata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, na kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kumlipia masomo. Neema alikuwa anakataa. Na sababu aliyoitoa ni binti yangu mwenyewe, Espérance.

"Papa Bahati," aliniambia hata kabla hajakaa, "dada Espérance alisoma miaka yote ile, kisha akauzisha bunga. Na mimi niende nisome, nirudi niuzishe bunga na deni juu ya kichwa? Afazali nianze kuuzisha sasa."

Nilimpa chai, nikaacha habari ya bunga, yaani unga, ipoe kwanza. Watu wanaandikishwa universite siku hizi hizi, na mlango ukifungwa umefungwa hadi mwaka mwingine. Baada ya hapo nilitafuta la kumwambia, na nililitafuta mahali pekee ninapopajua vizuri, yaani kule kwenye jibini. Ninyi wengine sikilizeni humo humo.

Muzee Bauma alikuwa na kibanda cha mbao chini ya malisho yake. Nilifika kwake kijana mwembamba, mwenye haraka na asiyejua kitu. Hakuwa na kipimajoto. Alikunja shati, akaingiza kiwiko ndani ya maziwa, akafumba macho.

"Kiganza inadanganya," aliniambia. "Imezoea moto. Kiwiko haijazoea kitu."

Baadaye vipimajoto vilifika, naye akanunua kimoja kwa furaha sana. Aliingiza kiwiko kwanza, kisha akaangalia kipimajoto aone kama kimejifunza. Vilipokubaliana alikisifu.

Mambo mengine aliyonipa bado ninayo. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi usiyachanganye na mengine. Ng'ombe aliyechomwa dawa, maziwa yake yatakataa kuganda hata uyabembeleze. Maji ya chumvi ya kulazia jibini yapime kwa kiazi kibichi: kiazi kikizama, chumvi bado. Na jibini usiigeuze ukiwa na hasira, maana utaipasua halafu utamlaumu ng'ombe.

Makosa yangu yalikuwa mengi. Kuna jibini iliniponyoka mlangoni ikabingirika mlima mzima hadi kwenye maharage ya padri. Jumapili, baada ya misa, padri alitangaza kwamba mwenye jibini aje aichukue na maharage ayalipe. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Na kuna Jumapili nyingine nilikwenda kumwona Feza, ambaye sasa ndiye mke wangu, nikiwa nimejipaka mafuta ya nywele kupita kiasi. Kesho yake niliingiza mikono ile ile ndani ya maziwa. Jibini zote za siku hiyo zilinukia kinyozi. Muzee Bauma alikataa kuziuza, na kuzitupa pia akakataa.

"Tutakula uchumba yako," alisema, na kweli tuliula hadi ukaisha.

Nilikula kwake, nikalala kwake, nikaharibu vitu vyake, na hakunidai hata siku moja. Nilipokuwa tayari kujenga kibanda changu nilimuuliza nimrudishie nini. Alisema nitafute kijana mmoja asiyejua kitu, naye aje aniharibie vitu vyangu. Nilimtafuta. Aliniharibia sana, Mungu ambariki.

Sasa ngojeni niwaeleze desturi moja, maana wengi wenu mmezaliwa hapa juu ya mawe ya volkano na ng'ombe mnamjua kwa mshikaki tu. Kwetu milimani, mtu akikupenda anaweza kukupa ng'ombe. Hakuuzii, hakukopeshi. Anaweka kamba ya ng'ombe mkononi mwako mbele ya watu. Wewe unamchunga, unakunywa maziwa, na akizaa ndama jike, ndama huyo anarudi kwa aliyekupa. Hakuna anayeandika wala anayekumbusha. Mnabaki watu wa nyumba moja. Na sheria ni moja: ng'ombe wa namna hiyo hauzwi kabla hajazaa.

Espérance alikulia kibandani kwangu. Ng'ombe akiugua, yeye ndiye aliyekataa chakula. Alipomaliza sekondari alitaka kusomea matibabu ya wanyama, na mimi nilitaka hivyo kuliko yeye. Ila minerval, ile ada ya universite, ilikuwa mbali na mfuko wangu. Kulikuwa na mtu hapa mjini aliyekuwa tayari kunikopesha kwa riba. Alitaka karatasi za kiwanja chetu cha Mabanga, chenye nyumba hii, zikae kwake mpaka deni liishe. Alikuwa mpole, alitupa hata soda. Nilikuwa nimeshafungasha karatasi hizo Muzee Bauma aliposikia habari.

Alifika kwetu milimani kwa miguu na ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Watu wa nyumbani walikuwa wamejaa, maana tulikuwa tukijadili jambo lile lile. Kamba hakunipa mimi. Alimpa Espérance.

"Mama, huyu ni wako," alimwambia. "Umuuzishe, uende ukasome."

Shemeji yangu, mtu anayependa sheria kuliko chakula, alisimama.

"Muzee, ngombe ya kupewa haiuzishwake mbele ya kuzaa. Akiiuzisha, ndama yako itatokea wapi? Ku karatasi?"

"Itatokea kwa huyu mutoto," Muzee Bauma alijibu. "Siku gani, mimi sijui. Nitangojea." Kisha akamgeukia Espérance. "Ngombe uuzishe. Kamba usiuzishe."

Shemeji alikaa chini akinung'unika. Espérance alikuwa akilia, mimi nilikuwa nikijifanya nina vumbi machoni, na ng'ombe alikuwa akila maua ya Feza. Ndivyo ng'ombe wa kwanza wa ukoo wetu alivyokwenda universite. Yeye alilipa mwanzo, jibini zangu zikalipa yaliyobaki. Karatasi za kiwanja zilirudi chini ya godoro, na kamba ya ngozi ikatundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha Espérance hapa Mabanga.

Siku aliyopata shahada yake pudre ilimwagika tena. Muzee Bauma alishuka kutoka milimani, akamwagiwa hadi kofia ikawa nyeupe, na akakataa kuipangusa mpaka afike kwake, ili watu wa njiani wamuulize ametoka wapi.

Halafu kazi haikuja.

Nataka niliseme hili polepole, kwa kuwa ndilo linalomwogopesha Neema, na ana haki ya kuogopa. Espérance alipeleka karatasi zake kila mahali, akaambiwa ataitwa. Hakuitwa. Na huko milimani usalama ulikuwa umeharibika, makundi ya ng'ombe yalikuwa yakiibwa na kuhamishwa, na mganga wa ng'ombe bila ng'ombe atamtibu nani? Akatandika magunia mbele ya nyumba, akaanza kuuza unga wa mahindi kwa kopo. Majirani walimwita Docteur wa Bunga. Siku niliyolisikia jina hilo nilishuka na hasira zangu zote, tayari kwa ugomvi. Espérance alinishika mkono.

"Papa, acha. Banakuya kuona docteur, banarudi na bunga. Ni publicité, ni tangazo ya bure."

Alicheka, lakini mzazi anajua kicheko cha mtoto wake. Jioni aliniambia kilichokuwa moyoni: "Papa, ile kamba inaniangalia." Nilimwambia anipe niifiche. Alikataa.

Muzee Bauma aliposhuka Goma mara ya kwanza baada ya hapo, Espérance alimwona akija barabarani. Alishikwa na aibu, akajificha nyuma ya magunia na kumwachia jirani meza. Muzee alinunua unga wake, akalipa. Kisha akayageukia magunia, akavua kofia, akayasalimia kwa heshima zote: "Mubakie salama, na mama mwenye bunga abakie salama." Akaenda zake.

Haya sikuyajua. Espérance alinisimulia baadaye; ya unga niliyajua kwa njia nyingine. Siku moja nilikuwa kwa Muzee Bauma kumpelekea chumvi, na mkewe, Mama Riziki, akaniita pembeni.

"Bahati, uniambie kweli. Bwana yangu ameanza kupoteza kichwa? Gala yetu imejaa mahindi, tunakosa pa kuyatia. Lakini kila akishuka Goma anarudi na bunga. Bunga ya mahindi! Anaipandisha mulima mu mukongo, na uzee ile yake."

Mahindi yanatoka milimani kwao yanashuka Goma yanasagwa, na mzee yule alikuwa akiyanunua kwa binti yangu na kuyapandisha tena kwa mgongo wake. Mtu aliyekuwa akimdai ndiye aliyekuwa mteja wake. Nilimwambia Mama Riziki unga ulikuwa wa nani. Alijifuta uso kwa kitenge. Siku hiyo alipika ugali wa unga wa Goma, na wa ghala lake ukangoja.

Nilipomsimulia Espérance, alilia kama alivyolia siku ya ng'ombe. Kisha akaishusha kamba, akaipaka siagi isikauke, akaitundika tena mahali pake. Hakusema tena kwamba inamwangalia. Na Muzee alipokuja mara nyingine, hakujificha.

Sasa, kuna wengine wenu mnaosema, basi, tuachane na universite, tujifunze kazi ya mikono, hiyo hailali njaa. Nitazameni mimi. Kazi ya mikono niliijua, deni sikuwa nalo, na siku ng'ombe wa jirani zangu walipoondoka wote nilifunga kibanda, nikashuka Goma na Feza na rafu mbili za mbao. Tulifikia kwa Espérance. Mimi fundi nisiye na deni nililishwa na unga wa msomi asiye na kazi. Na nilikula vizuri. Kwa hiyo wanaowahakikishia kwamba shahada itawalipa, na wanaowahakikishia kwamba kazi ya mikono itawalipa, wote waulizeni wanauza nini.

Leo Espérance anafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari. Mshahara unachelewa, lakini hufika. Mchana anatibu mbuzi, nguruwe na kuku wa Mabanga, na Jumamosi bado anauza unga, kwa mazoea, anasema. Nilimuuliza kama angerudi nyuma angesoma tena. Alijaza kopo la unga, akalisawazisha kwa kiganja.

"Papa, ile miaka nilikuwa napenda kuamuka asubui," alinijibu. "Ni batu ngapi banaweza kusema vile?"

Aliweka akiba kidogo kidogo, na mwaka huu akapata ndama jike kwa mfugaji mmoja wa upande wa Rutshuru. Tulikwenda pamoja mtaa wa Murara, hapa hapa Goma, ambako Muzee Bauma anaishi sasa kwa mwanawe. Na yeye alishuka, na yeye alipoteza ng'ombe wote. Amezeeka sana, na anazeeshwa zaidi na maziwa ya paketi, ambayo anasema yalikamuliwa kutoka kwa karatasi. Espérance alipiga magoti mbele yake.

"Muzee, ndama yako imepatikana."

Mzee alifurahi hadi meno machache aliyonayo yakaonekana yote. Aliuliza rangi yake, aliuliza mama yake alikuwa mtulivu au mkali. Kisha akatikisa kichwa.

"Nitamuchungia wapi, mama? Hapa ni majiwe tupu. Ata mbuzi za Murara zinakulaka sachet za plastiki." Akamwonyesha Neema, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Mujukuu wangu ana diploma. Anataka kujifunza mambo ya kuzalisha bamama. Ndama iende na yeye. Aiuzishe."

Ndipo Neema alipotoka nje, na kesho yake akaja kwangu na maneno yale niliyowaambia.

Basi haya ndiyo niliyoyapata kwenye jibini. Kabla ya kukopa, tafuteni watu waliosoma mnachotaka kusoma, muwaangalie wanavyoishi, wale wa nguo nzuri na wale wa magunia. Msiweke rehani paa wanalolalia wazazi wenu. Na zaidi ya yote, msiulize tu deni ni kubwa kiasi gani, ulizeni ni la nani. Jiulize hivi: siku nitakayokuwa sina kitu, nikimwona anakuja barabarani, atakuja kuchukua nyumba, au atakuja kununua unga? Yule mtu mpole wa soda, nawaambia, asingeyasalimia magunia.

Jumamosi nilimchukua Neema hadi kwenye meza ya Espérance. Nilimsimulia habari ya unga, mbele ya Espérance mwenyewe, ambaye alijifanya anapanga makopo. Neema alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile bugali ya Goma?" aliuliza taratibu. "Nilikula ile bugali utoto yangu yote. Nilikuwa nafikiri Tate Bauma anapenda tu vitu vya muji."

"Uliikula, ndiyo," nilisema. "Ilikuwa yake huyu."

Alimtazama Espérance, akatazama magunia, akatazama barabara. Alikuwa bado na woga, na mimi sikutaka kumwondolea woga kwa uongo.

"Na mimi nikimaliza, nikose kazi?" alisema. "Nikiuzisha bunga, ni nani atakuya kununua kwangu?"

Espérance aliweka kopo chini.

"Ni mimi," alijibu. "Na nitaibeba ku mukongo."

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kamba. Aliiweka mkononi mwa Neema mbele yangu, mbele ya jirani na mbele ya mteja aliyekuwa akingoja unga wake, ili wawepo watu. Neema aliizungusha mkononi, akaisogeza puani, akakunja uso huku machozi yakimshuka.

"Inanuka siagi," alisema.

"Utazoea," nikamwambia, na tukaenda naye kumwandikisha.